Sindano ya Kufumia na Kadi ya Mkwe

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka wenye muhuri uliobandikwa mlangoni kwa uji wa muhogo, kwamba taifa la wakulima na wafanyakazi haliwezi kuendelea kutupa fedha za kigeni kwenye kompyuta. Kwamba mashine hizo ni anasa ya mataifa yenye watu wachache na haraka nyingi. Kwamba kila kinachostahili kuhesabiwa kitahesabiwa na wananchi kwa mikono yao wenyewe. Na kwamba hakuna mwananchi hata mmoja atakayesahauliwa kwa sababu tu ya kukosekana kwa mashine.

Sefania aliusoma waraka huo mara mbili, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kusoma kila kitu mara mbili. Hakuona kosa la chapa. Akaenda kufungasha.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, Dar es Salaam, mwaka wa foleni za unga wa njano. Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa na kompyuta moja, pana kama madhabahu ya kanisa, iliyokaa peke yake kwenye chumba chenye baridi ya kununua. Sefania alikuwa mmoja wa watu wachache nchini walioajiriwa kuiandikia maagizo. Waraka haukusema mashine hiyo izimwe. Ulisema tu kwamba nyingine isije, vipuri visije, na mwenye kazi nyingine ya kufanya akaifanye. Ilikuwa njia ya kistaarabu ya kuzima.

Kazi yenyewe alikuwa amefundishwa Uingereza. Wenzake aliokwenda nao walilia baridi. Yeye aliandika nyumbani kwamba hali ya hewa ni kama ya Magamba, milimani kwao, ila watu hawasalimiani. Huko alijifunza kwamba mashine ina lugha zaidi ya moja, na kwamba watu wazima wenye familia wanaweza kugombana mpaka wakanuniana juu ya ipi ni bora. Kobol ilikuwa lugha ya maofisa: maneno mengi, sentensi ndefu, lakini mtu akiisoma baada ya mwaka anaelewa mwenzake alikusudia nini. Fortran ilikuwa ya wahandisi: fupi na kavu, inafaa kwa hesabu za madaraja. Ya tatu ilikuwa lugha ya mashine yenyewe, ambayo haikuwa na neno hata moja la kibinadamu. Kazi iliyoandikwa kwa lugha hiyo ilikwenda mbio kuliko zote, na ikikosea ilikosea mbio vilevile, bila kumwambia mtu.

Sefania alichagua Kobol, akachekwa. Aliyemcheka zaidi ni Mika, aliyekaa naye dawati moja Dar es Salaam na kuamini kwamba mashine ndiyo mwalimu: andika upesi, iache ikuchape, sahihisha. Sefania alianza kwa mchoro. Alichora vijumba na mishale nyuma ya mabango ya zamani, akaipitia njia nzima kwa kidole, akitumia punje za maharage badala ya namba, kabla hajaandika mstari mmoja. Mika alisema kwamba Msambaa akiambiwa avuke barabara atachora kwanza. Sefania alijibu kwamba ndiyo maana Wasambaa wanaogongwa na magari ni wachache. Haikuwa hoja, kwa kuwa magari Usambara nayo yalikuwa machache.

Lakini jambo alilolipenda kuliko lugha zote halikuwa lugha. Lilikuwa chumba cha wapiga kadi. Humo dada mmoja alipiga matundu kwenye kadi kufuata karatasi aliyopewa; kisha dada wa pili, bila kuona alichofanya wa kwanza, aliipiga karatasi ileile upya kwenye mashine ya kuhakiki. Wakitofautiana hata kwa tundu moja, mashine inakwama, na hawaendelei mpaka ijulikane nani kakosea. Hakuna anayelaumiwa, hakuna anayeaminiwa. Sefania aliona kwamba katika yote waliyobuni Wazungu, ukiacha blanketi, hilo ndilo lenye maana.

Wakuu walipofungua jalada lake kutafuta pa kumpeleka, waliona mambo mawili: kwamba anajua kuhesabu, na kwamba kwao ni Lushoto. Wakayajumlisha. Akapangiwa Kituo cha Kifua cha Kwekibago, nyumba ya mawe hapo Lushoto, juu ya barabara iendayo Mlalo, ambamo wagonjwa wa kifua kikuu wa milima ile walipimwa na kugawiwa dawa. Kazi yake ingekuwa kumbukumbu. Nakala ya waraka ilikuwa imemtangulia, aliikuta ukutani.

Alikwenda na mkewe, Yudith, na binti yao. Yudith alikuwa mtu wa Mlalo, mtoto wa Mzee Kristofa, na alifurahi kurudi karibu na mama yake kuliko alivyofurahi siku ya harusi. Mwenyewe ndivyo alivyosema. Hapo ndipo inapofaa kumweleza huyo mama, ingawa Sefania mwenyewe asingeweza kumweleza.

Katika nyumba walizokulia Sefania na mkewe, mtu na mama mkwe wake hawakuzoeana. Wakikutana njiani mmoja aliingia migombani mpaka mwenzake apite. Hawakula pamoja, hawakutazamana machoni, na jina la mama mkwe halikupita mdomoni mwa mkwewe, hata akiulizwa na polisi. Sefania alikuwa amekaa Ulaya, alikuwa amekula kwa uma, alikuwa amembishia mwalimu wake Mwingereza mbele ya darasa. Lakini jina hilo hakuwahi kulitamka. Binti yake alikuwa amelirithi, kama inavyopasa mjukuu kurithi, na kwa hiyo hata mtoto wake mwenyewe Sefania hakumwita kwa jina. Alimwita Bibi. Mtoto alikuwa na miaka mitano na aliitika "Bibi" kwa heshima zote za cheo hicho.

Mama mkwe aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri na alifuma masweta. Sefania alimjua kwa masweta yake kuliko kwa uso. Alikuwa nayo mawili, ya rangi ya majivu, yenye shingo ndefu, yaliyomkaa sawasawa ingawa aliyeyafuma hakuwahi kumtazama vizuri.

Mwaka uliofuata mama huyo akaanza kukohoa damu.

Siku aliyoletwa kituoni, Sefania alijifungia stoo pamoja na magunia ya maharage mpaka alipoondoka. Aliyempima ni Bi Salma, muuguzi mkuu wa kituo, Mwislamu wa upande wa Soni, mwanamke wa makamo ambaye hata mganga wa wilaya alimwamkia shikamoo. Alimwanzishia dawa, akampa maelezo yaleyale aliyowapa wote: vidonge ni vya mwaka mzima na zaidi, kila siku, ukikatisha, ugonjwa unarudi ukiwa umejifunza. Ikapangwa kwamba mama asihangaike kuja. Atapelekewa vidonge nyumbani kila mwezi na Mbaraka, mjumbe wa kituo, mwenye baiskeli na miguu ya kuisukuma mahali inaposhindwa kupanda. Wote waliuona mpango huo kuwa wa busara, kwa kuwa mama asingeweza kuja kila mwezi mahali anapokaa mkwe wake, na mkwe asingeweza kukaa stoo kila mwezi.

Wakati huo Sefania alikuwa anapima zana, kama alivyofundishwa.

Zana ya kwanza ilikuwapo tayari: kitabu kikubwa cha Bi Salma, kila mgonjwa na mstari wake. Faida yake ni kwamba kila mtu yumo na hakuna anayeweza kuchomoka. Hasara yake ni kwamba ili kujua nani anastahili dawa mwezi huu, ilibidi kupekua kurasa zote, na Bi Salma, mwenye wagonjwa wanaomsubiri barazani, hakuwa na muda wa kurasa zote. Watu walikuwa wanapotea humo ndani wakiwa wameandikwa vizuri kabisa.

Zana ya pili ingekuwa kompyuta. Kuhusu hiyo kulikuwa na waraka.

Ya tatu Sefania aliiona Uingereza kwenye maktaba moja maskini, akaikumbuka. Alikata kadi za manila zinazolingana, akatoboa safu ya matundu pembeni mwa kila moja. Kila kadi ni mgonjwa mmoja, na kila tundu lina maana yake: huyu ni wa Mlalo, huyu wa Soni, huyu anaendelea na dawa, huyu amemaliza. Tundu linalomhusu mgonjwa linakatwa kwa mkasi mpaka ukingoni, linakuwa pengo. Ukitaka wanaoendelea na dawa, unazipanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu la wanaoendelea, unainua, unatikisa. Wenye pengo wanaanguka mezani. Hao ndio Mbaraka anapewa vidonge vyao. Wengine wanabaki wananing'inia. Kazi ya asubuhi nzima inakwisha kabla chai haijapoa.

Bi Salma aliiangalia ikifanya kazi mara ya kwanza kama anavyoangaliwa mgeni anayekula vizuri.

"Ni nzuri," alisema. "Ila kwenye kitabu changu mtu yupo tu. Hapa mpaka aanguke ndiyo aonekane."

Sefania alimweleza kwamba hiyo ndiyo faida yake.

Sindano ilitoka kwa Yudith. Alikuwa na jozi moja ya sindano za kufumia, za chuma, alizopewa na mama yake alipoolewa, na Sefania aliomba moja.

"Na mwenzake?" Yudith aliuliza.

"Baki nayo."

"Sindano moja haifumi, Baba Esta."

Alimjibu kwamba atairudisha sindano siku kompyuta zitakaporudi. Yudith akacheka, akampa, na sweta alilokuwa amelifikisha kwapani akalifunga kwenye kitambaa.

Kuhusu makosa, Sefania hakutaka mchezo. Alikijenga upya chumba cha wapiga kadi kwa watu wawili na meza moja. Mzunguko wa kwanza, Bi Salma anasoma kitabuni kwa sauti, jina na maelezo, na Sefania anakata. Mzunguko wa pili wanabadilishana: Sefania anasoma kwenye kadi, jina na kila pengo, na Bi Salma anafuata kitabuni kwa kidole. Kadi isiyosomwa kwa sauti haiingii sandukuni. Sheria hiyo aliiandika kwa herufi kubwa na kuibandika chini ya waraka.

Walifanya kazi hiyo siku za ukungu, taa ya karabai ikiwaka mchana. Walipofika kwa wagonjwa wa Mlalo, Bi Salma alisoma jina moja, la pili, la tatu, kisha akafika kwenye moja akapunguza sauti, kama mtu anayepita karibu na msiba. Sefania alilisikia jina. Akainamisha macho kama alivyofunzwa tangu alipoposa, na akakata. Mkasi haukufunzwa chochote. Ulikata palipokuwa mbele yake.

Mzunguko wa pili Sefania alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani, mpaka akashika kadi moja akanyamaza. Aliishika kwa ncha za vidole, uso wa kadi ukiangalia chini. Nje mvua ilikuwa inaanza kugonga mabati. Bi Salma hakumtazama. Alikuwa mtu mzima, alikuwa na wakwe zake mwenyewe.

"Hiyo weka," alisema. "Huyo namjua."

Akaiweka sandukuni, wakaendelea na inayofuata.

Itabidi isemwe kwamba hakuna aliyezembea. Walikuwa wameheshimiana watu watatu, mmoja wao bila kuwapo.

Na njia ilifanya kazi. Mwezi wa kwanza tu sindano iliangusha wagonjwa ambao kitabu kilikuwa kimewameza. Mzee mmoja wa Malindi, ile ya huku milimani, aliyedhani amesahauliwa kwa sababu hakulipa kadi ya chama, alipelekewa vidonge vyake akalia mbele ya Mbaraka. Mganga wa wilaya alikuja kutazama. Alitikisa sindano mwenyewe mara kadhaa bila sababu, kadi zikaanguka, akasema huku ndiko kujitegemea kwenyewe.

Kwa Mzee Kristofa, Mlalo, Mbaraka alifika mwezi huo akitokea kwa jirani, akaegemeza baiskeli. Mama alitoka na mkono wake tayari. Mbaraka alipekua mkoba wake, hakukuta bahasha ya vidonge yenye jina la mama, na kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba sasa mambo ni ya kitaalamu, hakutilia shaka. Alimwambia kwamba safari hii hana kitu, bila shaka amemaliza, na akampa hongera. Mama alimshukuru Mungu, akamshukuru Mbaraka, akampa mapeasi ya kula njiani na kikapu kingine cha kupeleka Lushoto. Wiki hiyo alirudi kwenye kwaya. Majirani walipomuuliza kama ni kweli amepona mapema hivyo, aliwajibu kwamba mkwe wake ndiye anayeshika hesabu zote huko, amesomea kwa Wazungu, na wao wakisema umemaliza, umemaliza.

Kikapu kilifika kwa Yudith na ujumbe mfupi: mama anamshukuru sana mkwe wake kwa dawa. Sefania alikula peasi moja akasema ni tamu.

Masika ya mwaka huo yalikata barabara sehemu mbili. Basi la Mlalo likawa linakwenda linapotaka. Habari zikaja kwa mdomo, kwa watu wa sokoni, kwamba mama anakohoa tena. Yudith alimuuliza mumewe jioni moja, akimenya viazi, kama mama anapata dawa zake.

"Kadi yake ipo sandukuni," alisema Sefania. "Anaendelea."

"Umeiangalia?"

"Haiangaliwi kadi moja moja, Mama Esta. Nikianza kuangalia moja moja nimerudi kwenye kitabu."

Neno "Esta" hapo hakulitamka yeye. Alisema "Mama Bibi", kama alivyosema siku zote, na aliyeandika haya ndiye aliyeteleza. Sefania hakuteleza kamwe.

Baada ya muda Yudith aliuliza tena, safari hii bila kumenya kitu. Sefania alimweleza upya, kwa upole, akichora kwa kidole mezani: sindano inapita hapa, mwenye pengo anaanguka, haiwezekani mtu akabaki. Alimweleza na mzunguko wa pili. Alipofika kwenye sheria ya kusoma kwa sauti alisimama kidogo, kama aliyesikia mtu akibisha hodi, kisha akaendelea.

Barabara ilipofunguliwa Yudith alipanda basi la kwanza. Alimkuta mama yake ameketi jikoni karibu na moto, ndani ya sweta ambalo lingemtosha yeye na mtu mwingine. Alimuuliza vidonge viko wapi. Mama alishangaa swali. Alisema alimaliza zamani. Mbaraka ndiye alimpa hongera.

Walimteremsha Lushoto siku hiyohiyo, kwenye lori la kabichi, akiwa amelazwa juu ya magunia, na akalazwa hospitali. Yudith hakwenda nyumbani kwanza. Alipanda moja kwa moja mpaka kituoni, akamwamkia Bi Salma, akaomba kadi ya mama yake. Bi Salma alilichakura sanduku kwa mkono, moja moja, mpaka akaipata, akaiweka mezani. Halafu akakaa chini.

Tundu la wanaoendelea lilikuwa zima. Pengo lilikuwa kwenye tundu la pili yake, la waliomaliza. Kati ya hayo mawili palikuwa na nafasi ya punje ya mtama.

Sefania alisimama upande wa pili wa meza. Yudith hakumpigia kelele, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kwa wote.

"Sheria yako hapo ukutani inasema isiyosomwa haiingii."

"Ndiyo."

"Hii ilisomwa?"

Bi Salma akasema ni yeye aliyeruhusu, alaumiwe yeye. Yudith alimwomba radhi kwa heshima, akasema hakuwa anauliza yeye.

"Ilisomwa, Baba Esta?"

"Sikuweza," alisema Sefania. "Ni mkwe wangu."

Yudith aliweka kidole kwenye pengo la kadi. "Na ungeisoma," alisema, "mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kukusema." Aliyasema hayo kama mtu aliyegundua kwamba mwizi aliingia kwa mlango alioufunga mwenyewe kwa ufunguo wake.

Dawa zilianza upya, lakini ugonjwa ulikuwa umejifunza. Wiki zile Sefania alikwenda hospitali kila jioni na hakuingia wodini hata mara moja, asingeweza. Alikaa nyuma, karibu na jiko la wagonjwa, kwenye moshi wa kuni za miwati, na Yudith alimletea habari. Jioni moja alileta ujumbe kutoka kwa mama mwenyewe, akautoa kama ulivyo bila kuongeza neno: mwambie mkwe wangu anisamehe, nimeugua tena baada ya wao kunimaliza, nimemharibia kazi yake mbele ya watu.

Alikufa kabla ya kipupwe. Alizikwa Mlalo, chini ya kanisa, na kwaya iliimba bila yeye, sauti ya pili ikisikika ina tundu. Sefania alisimama na wakwe wengine kule chini penye mibuni. Baada ya maziko mzee mmoja wa ukoo alisimama kushukuru watu. Alimshukuru mchungaji, akawashukuru wachimba kaburi, kisha akasema angependa kumtaja huyu mkwe wao wa kompyuta. Kakaa Ulaya, alisema, kasoma kuliko sisi sote tulio hapa, lakini hakuwahi kulitaja jina la mama mkwe wake, hata kazini. Vijana wa leo wamtazame yeye. Watu wakaitikia, wengine wakageuka kumtazama, na Sefania akainamisha macho, wakaona kwamba ni kweli.

Yudith alibaki kwa baba yake kumtunza. Hakusema mpaka lini, wala hakuulizwa.

Sefania alirudi kazini, akamwomba Bi Salma akae na kitabu, akaanza kuzisoma kadi zote upya, mzunguko wa pili, tangu mwanzo. Walifika kwa wagonjwa wa Mlalo jua likiwa dirishani. Kadi ile ilikuwa bado sandukuni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa. Aliigeuza uso juu, akaisoma kwa sauti ileile ya darasani.

"Esta Hezekia. Mlalo. Amemaliza."

Kidole cha Bi Salma kilipita kwenye mstari kitabuni kikasimama. "Siyo," alisema. "Anaendelea."

Kosa lilikuwa limepatikana papo hapo. Njia ilikuwa nzuri.

Mwezi mmoja baadaye Yudith alikuja Lushoto kuchukua nguo zake, mtoto, na sindano. Hakuja kugombana. Alipika, wakala, akaeleza hali ya baba yake na mahindi. Asubuhi Sefania aliwasindikiza mpaka stendi akiwa amebeba furushi ambamo sweta lile la kwapani lilikuwa limefungwa pamoja na sindano zote mbili. Mtoto alipanda mbele ya mama yake, akashughulika kutafuta dirisha. Basi lilipowasha injini Sefania alimwita kwa jina.

"Esta."

Mtoto hakugeuka. Sauti ya baba yake haikuwahi kusema neno hilo, na ndani ya basi la Mlalo kuna akina Esta wengi. Aliita tena, basi likaanza kwenda. Hakutaka kuita "Bibi".

Kituoni Mbaraka alimtafutia spoku ya baiskeli, akainyoosha juu ya jiwe. Ilifaa kuliko sindano: nyembamba zaidi, haikwaruzi matundu, na kadi zinaanguka mara moja bila kutikiswa sana. Sefania aliipima akakiri hivyo. Sheria ya ukutani aliiongezea mstari mmoja, kwamba kila kadi itasomwa kwa sauti na mtu asiye na undugu wala ukwe na mgonjwa, na Bi Salma akamwambia kwamba kwa Mlalo hapo atahitaji kuagiza mtu kutoka Dodoma.

Mwisho wa mwaka ikaja barua ya kutaka taarifa, kwa mujibu wa waraka: wangapi wamehudumiwa kwa mikono ya wananchi wenyewe, wangapi wanaendelea, wangapi wamemaliza, wangapi wamefariki, wangapi wamesahauliwa. Sefania alizipanga kadi zote, akapitisha spoku tundu kwa tundu, akahesabu zilizoanguka, akahesabu mara ya pili. Kwenye waliosahauliwa aliandika: hakuna. Mganga wa wilaya alitia sahihi, na kituo kikapewa cheti.

Kwenye kadi hapakuwa na tundu la waliosahauliwa.